Kopo la Maharage na Kiwanja cha Daktari wa Meno

“Siku mtakayokuta kwangu jani lililopita kopo la maharage, nitalila hapa hapa, mbele yenu, bila chumvi na bila kitu cha kuteremshia!”

Maneno hayo aliyasema Neville Nankervis kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama juu ya kiti cha plastiki katika ukumbi wa Dunmorran, mbele ya watu wapatao themanini na sinia tatu za mikate ya mayai. Hakuna aliyemwuliza. Ulikuwa mkutano wa kila Septemba wa kujiandaa na msimu wa moto wa majani, maana huku Australia joto kali huanza Novemba, na ajenda ilikuwa imefika kwenye bawaba za mlango wa choo.

“Nev, shuka,” akasema Des Quirk, jirani yake wa mkono wa kushoto. “Hicho kiti kina umri mkubwa kuliko wewe.”

“Nashuka. Lakini mmenisikia?”

“Tumekusikia. Katibu, andika hayo.”

Katibu akaandika, kwa kalamu ya wino, kati ya choo na mengineyo.

Sasa, hili kopo. Sheria ya halmashauri inasema kila mwenye kiwanja ahakikishe majani na magugu yake hayazidi sentimita kumi, kuanzia Novemba mosi mpaka joto liishe. Dunmorran hatupimi kwa rula. Kopo la maharage, lile la kawaida la kumwagia juu ya mkate asubuhi, lina sentimita kumi na moja, na hiyo moja iliyozidi tunaihesabu kuwa zawadi kutoka serikalini. Kila nyumba ina kopo lake limekatwa juu na chini. Unalisimamisha kwenye majani. Ukiona ncha zinakuchungulia kwa juu, nenda kawashe mashine. Ofisa wa halmashauri anajua habari ya ile sentimita moja. Hajawahi kusema, na kwa hilo tunampenda kiasi cha kumsamehe mshahara wake.

Nev hakuhitaji kopo. Alikuwa mtunza uwanja wa kriketi kwa miaka arobaini na mmoja, na alikuwa akiyajua majani kama mwalimu wa zamani anavyojua watoto: nani mtukutu, nani mgonjwa, nani anasingizia. Alioa siku ya Ijumaa kwa sababu Jumamosi kulikuwa na mechi na Jumapili uwanja ulihitaji maji. Mkewe, Coral, alikwenda fungate ya saa tatu, mpaka mjini na kurudi, na njiani wakapitia mbegu. Mtoto wao Grant amehamia Perth, akaweka majani ya plastiki uani. Nev hajakanyaga huko. Husema ni ndege inayomsumbua masikio.

Alipostaafu, moyo wote uliokuwa wa uwanja mzima aliuhamishia kwenye ua wa nyumba yake. Kila Jumamosi saa mbili kamili asubuhi, wala si dakika moja kabla kwa sababu kelele nazo zina sheria yake, mashine inanguruma. Anaanza mbele. Anakuja pembeni. Anamalizia na ukanda mwembamba nyuma ya banda lake, ule alioupata kwa jirani yake Blue Hodge zamani hizo Blue alipohamia Kwinslandi, huko kaskazini. Halafu anatoka nje kwenye majani yaliyo kati ya uzio na barabara, ambayo kwa karatasi ni mali ya halmashauri lakini jasho ni lako.

Hapo ndipo Nev alikuwa anaandika barua zake. Akifika mpakani kwa Des, hasimami. Anaingia upande wa Des kwa upana wa mashine moja, anakwenda na kurudi, basi. Mstari mmoja. Mgeni angedhani ni ukarimu. Sisi tunajua kusoma: mstari mmoja maana yake ni wewe mvivu, na mtaa mzima umeona. Mwaka ule Des alipowekewa nyonga ya chuma, Nev alimkatia majani yote, mbele na nyuma, wiki kumi na moja, hakusema neno. Wiki ya kumi na mbili Des akatoka nje akakuta mstari mmoja tu. Akamwita mkewe dirishani: “Nimepona! Njoo uone, Nev ameanza kunitukana tena.”

Basi mtu wa namna hiyo, Mungu akampa jirani wa nyuma asiyeonekana. Nyuma ya uzio wa Nev kulikuwa na kiwanja cha nusu ekari ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimekatwa. Majani yalifika kifuani. Kulikuwa na miiba yenye maua ya zambarau, shamari ndefu kuliko mtoto wa darasa la tatu, na bafu la chuma lililolala kwa ubavu kama ng'ombe aliyechoka. Ilijulikana tu kwamba ni cha mtu wa Melbourne, kwa maana kitu chochote kibaya kisicho na mwenyewe kwetu huwa ni cha mtu wa Melbourne. Nev, kadiri miaka ilivyokwenda, alimjenga mtu huyo kiungo kwa kiungo. Alikuwa daktari wa meno. Alikuwa na boti. Alikuwa na mke wa pili na nyumba yenye ngazi za kioo. Jioni Nev alisimama kwenye uzio na kikombe cha chai akimsema: “Angalia, angalia mwiba ule! Yeye yuko kwenye boti yake, anakula kamba!” Coral akiwa jikoni anaitikia, “Ndiyo, mpenzi.”

Mtu mmoja tu alikuwa anaingia kiwanjani mle: Immacolata Scarfò, tunayemwita Imma, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyekuja kutoka Kalabria, kusini mwa Italia, akiwa msichana wa kumi na tisa. Alipita kwenye ubao uliong'oka, na kisu kifupi chenye mpini uliozungushiwa utepe, na mfuko wa unga uliooshwa. Alitoka na mfuko umejaa majani. Kwa miaka mingi watu waliamini anafuga sungura. Hajawahi kufuga sungura. Waliokula ni mumewe Rocco, Mungu amrehemu, na watoto wanne.

“Utaumwa na nyoka, dada Imma!” Nev humpigia kelele juu ya uzio.

“Nyoka ananijua. Wewe ndiye hakujui.”

Mwaka huu mvua za Septemba zilikuja kama zimelipwa. Kufikia katikati ya Oktoba kiwanja cha daktari kilikuwa hakionyeshi hata bafu, na juu yake kulikuwa na jua la kukausha. Nev akapiga simu halmashauri.

Lazima mwelewe uzito wake. Kumchongea mtu kwa halmashauri kwetu hakuna msamaha. Unaweza kuligonga gari la mtu ukasamehewa kabla ya Krismasi. Ukimchongea, wajukuu zako watahudumiwa mwisho pale baa. Kwa hiyo Nev alikwenda baa mwenyewe kujitetea kabla hajashtakiwa.

“Kuchongea ni kumtaja mtu unayemjua,” akasema. “Mimi huyu simjui. Nimeshitaki majani.”

“Sawa,” Des akasema, “lakini sasa watamtafuta mwenyewe, na sisi tunataka kujua ni nani.” Akachukua ubao wa chaki unaoandikwa supu ya siku, akaufuta, akaandika juu kabisa: NANI MWENYE KIWANJA? Kila mtu aandike anavyodhani; atakayepatia atachukua sinia la nyama la mwezi huu, ile zawadi ya bahati nasibu ya baa. Mpaka jioni kulikuwa na madaktari wa meno kumi na wanne, mawakili watatu, jaji mmoja na mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni. Alhamisi Coral alipita kununua chupa ya mvinyo, akaomba chaki, akaandika chini kabisa: mtu wa hapa hapa. Wakamcheka hadi mlangoni.

Jumatano iliyofuata, saa nne asubuhi, gari jeupe la halmashauri likasimama kwa Nev. Akashuka Tegan, ofisa wa kuzuia moto, binti wa hapa hapa mwenye miaka ishirini na minane na bahasha mkononi. Nev alikuwa ameshafika getini kabla mlango wa gari haujafungwa.

“Umempata?”

“Salama, Nev, na wewe je?”

“Salama, salama. Umempata daktari?”

“Nimempata mwenye kiwanja.”

“Nilijua! Ana boti, sivyo?”

“Boti hana.” Tegan akatupia jicho bandani. “Ana mashine mbili za kukatia majani.”

“Mashine mbili! Na bado kiwanja kiko vile! Mshenzi mkubwa! Umempa siku ngapi?”

“Kumi na nne. Asipofyeka, tunaleta trekta letu na gharama ni zake.”

“Mpe tatu! Watu wa aina ile ukiwachekea—”

“Nev. Soma jina.”

Nev akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akasoma tena. Jina halikubadilika. Lilikuwa lile lile alilopewa na mama yake.

Kutoka jikoni ikasikika sauti kama birika linaloanza kuchemka. Coral alikuwa anacheka huku amejiziba kwa taulo la vyombo.

“Coral! Njoo hapa! Wewe ulijua?”

“Tangu mwaka themanini na tisa.”

“Blue alinipa ukanda wa nyuma ya banda! Nilimpa tela langu na watoto wawili wa mbwa wa kondoo, akanipa ukanda!”

“Blue alikupa kiwanja cha nyuma ya uzio. Mlisaini kwa wakili huku mnasikiliza kriketi redioni. Ukanda wa nyuma ya banda ni njia ya halmashauri.”

“Na hilo,” Tegan akaingilia, uso umekaza kama mtu wa mazishini, “halmashauri inapenda kukushukuru. Miaka thelathini na tano unatukatia majani bure.”

Nev akakaa kwenye ngazi ya mlango.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia kila mwaka,” Coral akasema. “Barua ikija nasema, Nev, hii ni ya kile kipande cha Blue. Unajibu, nakijua, nakikata kila Jumamosi.”

“Lakini daktari wa meno! Umekaa hapo jikoni miaka yote unanisikiliza namtukana!”

“Ulikuwa unafurahi sana, mpenzi. Waume wa wenzangu wanakwenda kuvua. Wewe ulikuwa na daktari wako.” Akajifuta machozi. “Halafu Imma alikuwa anapata mboga. Ningekuambia ni chako, Jumamosi ya kwanza tu ungekinyoa mpaka mfupa.”

Nev alikubali kwa kichwa. Alichoweza kufikiria ni kile kiti cha plastiki. Nyama choma ya wazimamoto wa kujitolea, siku ambayo Dunmorran nzima inakuja ukumbini, ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Des alishatangaza kwamba siku hiyo ndipo jina litasomwa.

“Utanitaja?” akamwuliza Tegan, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua anayo.

“Sheria hainiruhusu kumtaja mtu.”

Nev akapumua kama tairi. Mpango ulikuwa umeshamwingia kichwani: afyeke chote kabla jua halijapanda, aseme daktari ametuma vibarua, mambo yaishe. Kesho yake saa moja asubuhi, kelele na sheria zake akiwa amezisahau, akapitisha mashine kubwa kwenye pengo la uzio. Hakuwa amekwenda hatua kumi, majani yakafunguka mbele yake kama pazia na Imma akasimama katikati na kisu chake.

“Zima hiyo.”

“Dada Imma, sogea kidogo tu.”

“Zima, nimesema. Unakanyaga chakula changu cha mchana.”

Akazima.

“Daktari amekupa ruhusa?” Imma akauliza.

“Ndiyo. Amesema sawa.”

“Amesema lini?”

“Jana.”

“Kwa simu?”

“Alikuja.”

“Loo! Alikuja mwenyewe! Yukoje?”

Nev akatazama mawingu, ambayo hayakumsaidia. “Mfupi,” akasema. “Mzee mzee hivi. Ana masikio makubwa.”

Imma akamtazama masikio. La kulia, halafu la kushoto. Kisha akakaa chini kwa kicheko, ikabaki kilemba chake tu kikitikisika juu ya majani. Nev alingoja. Akangoja tena. Mwishowe naye akakaa, kwa sababu kusimama peke yako wakati mtu anakucheka kutokea chini ni kazi ngumu.

“Ukifyeka nitakula wapi?” Imma akasema alipopata pumzi.

“Nisipofyeka nitakula mimi. Nimeapa mbele ya watu.”

“Kula majani? Hiyo ndiyo inayokutoa jasho?” Akakata shina la mchunga, akampungia puani. “Huu unaujua?”

“Namjua. Adui. Nimempulizia dawa miaka arobaini.”

“Ndiyo maana hatujawahi kukualika kwetu. Huu ni Jumapili, na vitunguu saumu. Ule wenye majani ya duara, ukiupika unateleza kama mlenda, ni wa tumbo. Ile miiba unaimenya bua, Rocco alikuwa anailia shambani mbichi. Shamari usiniambie huijui.”

“Naijua kwa mashine.”

“Sheria yako inasemaje? Isome, wewe unaijua kwa moyo.”

Nev akaisoma kwa moyo, hapo chini kwenye majani, kama mtoto wa sala: majani makavu yasizidi, magugu yasizidi, takataka zote ziondolewe, isipokuwa bustani ya mboga inayotunzwa na kumwagiliwa. Alipofika kwenye isipokuwa, akalirudia neno hilo.

“Basi,” Imma akasema, “itunze. Imwagilie.”

Sijui kama mmewahi kuona kiwanja cha kriketi kikipimwa. Ni kamba, vigingi na jicho moja limefungwa. Nev alipima magugu vivyo hivyo. Siku ya kwanza alifyeka majani makavu yote, akafuata na mashine ndogo, akalitoa bafu kwa winchi. Katikati akaacha matuta tisa ya magugu, kila moja mita kumi kwa mbili, kona zake zimenyooka kama bahasha. Kati ya tuta na tuta akakata majani kwa mistari, mmoja mweupe mmoja mweusi, kama anatarajia timu ya taifa. Imma alikaa kwenye bafu lililopinduliwa akitoa amri. “Huo usiung'oe! Huo! Wewe una macho au vifungo?” Na Nev, aliyewahi kumfukuza waziri uwanjani kwa sababu ya viatu, akawa anajibu, “Ndiyo, dada. Samahani, dada.”

Siku ya nne Des akainua kichwa juu ya uzio.

“Nev. Unamwagilia miiba?”

Mpira wa maji ulikuwa mkononi. Hakukuwa na pa kuuficha.

“Daktari ameniomba,” Nev akasema.

“Amekuajiri?”

“Kitu kama hicho.”

“Umemtukana miaka thelathini, sasa unamtilia maji kwenye magugu yake?”

“Ni mtu mzuri ukimzoea.”

Des akashuka uzioni polepole, akaenda moja kwa moja baa. Jioni ubaoni wale madaktari wa meno walikuwa ishirini na sita.

Ijumaa, siku moja kabla ya nyama choma, Tegan akaja kukagua. Alizunguka kiwanja chote na kopo la maharage, akilisimamisha hapa na pale. Kwenye mistari ya Nev lile kopo lilionekana kama mnara. Akafika kwenye shamari, iliyomzidi kimo.

“Hii?”

“Bustani,” Imma akasema.

“Na miiba hii?”

“Bustani.”

Tegan akagusa udongo. Ulikuwa umelowa. Akaandika: imekubaliwa. Halafu akafunga daftari lake, akamgeukia Nev.

“Kesho watauliza ni nani.”

“Wewe umesema huruhusiwi kunitaja.”

“Siruhusiwi. Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa, nikakanyaga katikati ya uwanja siku umetoka kuumwagilia? Nikaacha nyayo mpaka upande wa pili?”

Nev alikumbuka. Angeweza kukuambia hata namba ya kiatu.

“Ulinipeleka kwenye kipaza sauti cha shule,” Tegan akasema. “Nilikuwa nalia. Ukasema, mimi sikutaji, utajitaja mwenyewe. Nikajitaja. Halafu ukaninunulia barafu ya vanila, ukaniacha niendeshe rola la kusawazishia uwanja.” Akaingia garini. “Ile barafu nilikula, lakini wewe nilikuchukia mpaka darasa la saba. Haya, tutaonana kesho.”

Usiku huo Coral anasema Nev alilala chali macho wazi, na mara moja tu akasema, “Namba thelathini na tatu, kiatu chenyewe,” akageuka ukutani.

Kesho yake jua lilikuwa la kutabasamu, moshi wa soseji unakwenda wima, watoto wanapokezana kupanda gari la zimamoto. Des alikuwa amebeba ubao kutoka baa na kuutundika kando ya meza ya mikate. Saa saba mchana akagonga chupa kwa kijiko.

“Jamani! Wakati umefika. Tegan, binti yetu, tuambie—”

“Kaa chini, Des,” Nev akasema.

Akakichukua kile kiti cha plastiki, akapanda. Mguu mmoja wa kiti ukalia. Mji mzima ukamgeukia, hata wale watoto wa kwenye gari.

“Mwenye kiwanja hana boti,” Nev akasema. “Hana ngazi za kioo. Wala si daktari. Kile kiwanja ni changu. Nilikipata kwa Blue kwa tela na mbwa wawili, nikakaa miaka thelathini na tano nakata cha halmashauri na kutukana changu. Na nimejichongea mwenyewe kwa simu. Mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza hawakupokea.”

Halafu Des akaanza. Hakucheka, alilia kama mlango usiotiwa mafuta, akashika meza, nyonga yake ya chuma ikakataa, akakalishwa. Baada yake ukumbi mzima ukafumuka.

“Kula!” mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

“Kula! Kula! Kula!”

“Katibu, soma!” Des akaomba huku anajipangusa.

Katibu, ambaye alikuja na daftari kana kwamba alijua, akasoma: hapa hapa, mbele yenu, bila chumvi na bila kitu cha kuteremshia.

Imma akapita katikati ya watu na sinia mbili zimefunikwa kwa vitambaa. Akafunua ya kwanza. Ilikuwa pai, ukoko wa hudhurungi unaong'aa mafuta, na ilipokatwa, ndani palikuwa na kijani kizito kimeshikana na mayai na jibini laini. Mchunga, mlenda pori, mabua ya miiba, shamari.

“Hii haina chumvi,” akatangaza. “Ameapa, basi ameapa.”

Nev akiwa bado juu ya kiti akapokea kipande. Akakitazama kama anavyotazama uwanja kabla ya mechi kubwa. Akauma. Akatafuna. Watu wakahesabu kutafuna kwake kwa sauti, mpaka kumi na nane. Akameza.

“Haya?” Coral akauliza.

Nev akauma tena, na safari hii hakuna aliyemlazimisha. Akamaliza kipande, akalamba kidole gumba, akaelekeza kidevu kwenye sinia ya pili.

“Hiyo nyingine ina chumvi?”

“Ina.”

“Miaka arobaini,” akasema Nev kwa mtu yeyote aliyekuwa tayari kusikia. “Miaka arobaini nimeipulizia dawa.” Na akashuka kitini kwenda kupanga foleni, lakini alichelewa; foleni ilikuwa imeshafika kwenye gari la zimamoto.

Sinia la nyama alichukua Coral. Des alisema huo ni wizi, Coral akasema ni ujuzi, na Tegan akasema sheria haisemi chochote kuhusu ubao wa baa. Jumamosi iliyofuata Nev alitoka saa mbili kamili, akakata mbele, akakata pembeni, akafika kwenye njia ya halmashauri nyuma ya banda. Akasimama. Akaitazama. Akaikatia mstari mmoja tu, akaenda zake. Halmashauri bado haijajibu.

Siku ile ya nyama choma, wazimamoto walikata shauri Imma aoke pai hiyo kila mwaka ili wapate fedha ya mpira mpya wa maji. Des akafuta madaktari wake wote ubaoni, akaandika kwa chaki bei ya soseji, na chini yake: pai ya magugu, kipande kimoja, dola sita.